Kentucky: timu ya univerisite iliyobebwa na mwana wa Lubumbashi

Tarehe 17 mwezi wa tatu 2022, mu muji wa Indianapolis kule Marekani, Oscar Tshiebwe alifunga alama 30 na kukamata mipira 16 iliyoruka toka kwa kikapu. Lakini timu yake, Univerisite ya Kentucky, ilishindwa 85 kwa 79 kisha muda wa nyongeza. Waliowashinda ni Saint Peter's, univerisite ndogo ambayo watu wengi hawakuijua. Hata hivyo, nyuma ya siku chache Oscar alitajwa muchezaji bora wa mwaka kati ya univerisite zote za Marekani. Alizaliwa hapa Lubumbashi mwezi wa 11 mwaka wa 1999.

Vijana wengi wa Kenya, Katuba na Ruashi wanajua jina lake. Swali ni hili: univerisite inapata wapi nguvu ya kuwa na timu kubwa hivyo? Na mutoto wa kwetu anaingia mule kwa mulango gani?

Hapa kwetu ukisema timu kubwa, mutu anafikiri klabu, kama Mazembe. Kule Marekani univerisite ndiyo inachukua nafasi hiyo katika sehemu nyingi. Jimbo la Kentucky linajulikana kwa farasi na kwa migodi ya makaa ya mawe, na halina timu yake katika NBA. Kwa hiyo mapenzi ya watu wengi, wafanyakazi wa migodi ndani, yanaenda kwa timu ya univerisite. Inachezea mu muji wa Lexington, katika nyumba ya mupira inayoitwa Rupp Arena, yenye nafasi zaidi ya 20,000.

Timu hiyo ya wanaume ilianza mwaka wa 1903, miaka 12 tu kisha mwalimu James Naismith kubuni mupira wa kikapu. Jina la Rupp ni la Adolph Rupp, aliyeifundisha kuanzia 1930 mpaka 1972. Pamoja naye walibeba ubingwa wa inchi nzima mara ine: 1948, 1949, 1951 na 1958. Aibu pia ilikuwako. Musimu wa 1952-53 timu ilikatazwa kucheza, juu wachezaji wamoja walikuwa wamepokea pesa za watu wa kamari.

Kuko jambo lingine ambalo musomaji wa Lubumbashi anapaswa kulijua. Kwa miaka mingi timu hiyo ilikuwa ya wazungu peke yao. Sheria ya jimbo, ya mwaka wa 1904, ilikataza weupe na weusi kusoma pamoja, na univerisite ilipokea mwanafunzi mweusi wa kwanza mwaka wa 1949 tu. Mwaka wa 1966, Kentucky ilifika fainali na kukutana na Texas Western, iliyoanzisha mchezo na wachezaji weusi watano. Kentucky ilishindwa 72 kwa 65. Mchezo ule unakumbukwa mpaka leo. Tom Payne, mweusi wa kwanza kuichezea Kentucky, alicheza musimu wa 1970-71. Wakati huo Kongo ilikuwa imepata uhuru miaka kumi tayari.

Toka hapo mambo yaligeuka. Ubingwa ulirudi 1978, 1996, 1998 na 2012, na ule wa 1998 uliletwa na Tubby Smith, mwalimu mweusi wa kwanza wa timu hiyo. Yote pamoja ni mara nane.

Oscar hakutoka Lubumbashi na kwenda Kentucky moja kwa moja. Alikwenda Marekani akiwa bado mutoto wa sekondari, akasoma katika jimbo la Virginia, kisha Pennsylvania. Alianza univerisite West Virginia, nyuma akahamia Kentucky. Katika musimu wake wa kwanza alikamata mipira 28 katika mchezo mumoja mbele ya watu wa Rupp Arena, na wastani wake wa musimu ulikuwa mipira 15 kila mchezo.

Sasa tuongee juu ya pesa. Tangu mwezi wa saba 2021, wachezaji wa univerisite wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia jina na sura yao. Lakini Oscar alikuwa na viza ya mwanafunzi, na viza hiyo inazuia kazi nyingi ndani ya Marekani. Wakati wenzake walipata pesa hizo kwa urahisi, yeye alingoja mwezi wa nane 2022, timu iliposafiri kucheza Bahamas, ndipo akafanya kazi ya matangazo kule inje.

Jambo la pili: kuwa muchezaji bora wa univerisite zote si tiketi ya NBA. Mwaka wa 2023, timu za NBA zilichagua vijana 58, jina lake halikuitwa. Aliingia kwa mulango mudogo: mukataba na Indiana Pacers unaomuruhusu muchezaji kupanda na kushuka kati ya NBA na timu ya chini yake. Nyuma alikwenda Utah Jazz.

Njia si moja. Bismack Biyombo, naye muzaliwa wa Lubumbashi, alipitia klabu ya Uispania na akachaguliwa wa saba mwaka wa 2011, bila univerisite. Marehemu Dikembe Mutombo wa Kinshasa alifika Georgetown mwaka wa 1987 na buruse ya masomo, akitaka kuwa munganga. Alitoka na diploma ya lugha na diplomasia, kisha akacheza NBA miaka 18.

Kwa hiyo muzazi, siku mutu atakuja nyumbani kusema mutoto wako ni murefu na atamupeleka Marekani, usianze kuhesabu dola. Uliza: ataingia shule gani? Barua ya shule iko wapi? Ni viza ya namna gani? Nani atalipa masomo akivunjika mguu? Mwenye nia nzuri atajibu moja kwa moja. Anayekasirika kwa maswali hayo, basi mutoto abaki kwanza na kitabu chake.