Miguu ya Bibi na Poti ya Thika

Kuna mambo ambayo mtu huona haya kuyatia gazetini, na hili la leo ni mojawapo. Lakini wasomaji waliokaa chuoni wanaikumbuka habari ya Salman al-Farisy, Mungu amwie radhi, alipodhihakiwa kwamba Mtume wao huwafunza kila kitu hata namna ya kwenda haja. Salman hakuona haya. Alijibu kwamba ndivyo, kisha akayataja waliyofunzwa moja baada ya moja. Basi na mimi leo naandika juu ya poti.

Mwanangu wa kike anakaa Ruiru. Usiku mmoja alipiga simu, sauti imemkauka, akasema, "Baba, huyu mtoto leo siku ya nne hajapata choo."

Mtoto mwenyewe ana miaka miwili na nusu. Mamake hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza kwenda kiwanda cha nguo, na mtoto huachwa kwa mama mmoja wa mtaa anayelea watoto kwa malipo ya siku. Mlezi huyo alikuwa ameshasema kwamba mwezi ujao hatampokea mtoto mwenye nepi. Kisha siku moja mtoto akajichafua, naye akampiga kofi mbili za makalio. Tangu hapo mtoto akihisi haja hukimbilia nyuma ya pazia, akabana miguu, akasimama kwa ncha za vidole mpaka uso ukaiva. Mamake alidhani anasukuma. Kumbe anazuia.

Muuguzi wa zahanati alimweleza vizuri. Choo kikikaa tumboni mwili hukinyonya maji, kikawa kigumu. Kikitoka huumiza, na mtoto aliyeumia mara moja huzuia zaidi mara ya pili. Akapewa dawa ya maji ya kulainisha, akaambiwa ampe papai na maji kwa wingi, asimkaripie, na atafute poti.

Mama watoto wangu hawezi safari ndefu kwa ajili ya magoti. Nikatumwa mimi, na maagizo nikapewa kama mtoto anayetumwa dukani.

Kwetu pwani poti ya kwanza ya mtoto ilikuwa ni miguu ya mamake. Kwa haja ndogo, mama huketi chini akainyosha miguu, akampakata mtoto katikati, mgongo wa mtoto ukimwelekea yeye, kisha akamlilia "shuu" kama maji ya bomba. Kwa haja kubwa, hukunja magoti, akamkalisha mtoto juu ya nyayo zake, wakitazamana. Mtoto hashtuki wala haanguki, kwani kiti chenyewe kina joto la mama.

Mambo haya yamepata kuandikwa na wataalamu. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries walichapisha katika jarida la madaktari wa watoto la Marekani habari za Wadigo, jirani zetu wa Kwale. Waliona kwamba mama wa Kidigo huanza kumfunza mtoto wiki za mwanzo tu baada ya kuzaliwa, na kufika miezi mitano au sita mtoto huwa mkavu, mchana na usiku. Huko Marekani hili lilikuwa jambo la ajabu. Mwaka 1962 Daktari Brazelton alikuwa ametoa taarifa ya watoto 1,170, na wastani wao wa kuwa wakavu mchana ulikuwa miezi 28 na nusu. Yeye alishauri mtoto angojwe mpaka awe tayari mwenyewe. Akina deVries wakaonyesha kwamba huko "kuwa tayari" hutegemea pia kwao mtoto ni wapi na nani amembeba.

Hapo ndipo wazee wetu wanapoanza kuwacheka wanawake wa leo. Hata mama watoto wangu alisema, "Sisi tulilea saba bila poti." Nami nasema hilo si haki. Yule mama wa Kidigo alikuwa na mtoto mgongoni mchana kutwa, na alipochoka palikuwa na shangazi, bibi na dada wakubwa wa kumpokea. Na hakuna aliyempiga mtoto kwa kukosea. Mwanangu Ruiru ana nani? Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 490,000 katika mji huo, karibu mara mbili ya Thika, na palipokuwa na mikahawa sasa pamesimama majumba ya ghorofa, familia juu ya familia. Watu wote hao, na asubuhi hapatikani mmoja wa kumpakata mtoto mpaka amalize haja.

Choo cha nyumba anayokaa ni cha kuchuchumaa, na ni cha wapangaji wa vyumba vinne. Tundu lake mtu mzima hulivuka bila kufikiri, lakini kwa mtoto wa umri ule ni kisima. Kwa mlezi nilikuta kopo la mafuta ya kupikia, tupu, ndilo linalotumiwa na watoto wote kwa zamu. (Ruiru hiyo hiyo upo mtaa uitwao Kimbo, kwa hiyo makopo ya mafuta yana heshima yake huko.) Kopo lenyewe lilikuwa jembamba na refu, na ukingo wake huacha alama nyekundu mapajani. Mtoto wangu alilitazama akanishika kanzu.

Agizo la kwanza la bibi yake lilikuwa uzi. "Mpime kutoka unyayo hadi nyuma ya goti. Poti isipite hapo, ipungue kidogo." Nikampima, akidhani ni mchezo. Baadaye nilimuuliza muuguzi, akanambia bibi amesema kweli: nyayo zikikanyaga sakafu na magoti yakawa juu kidogo ya nyonga, njia ya haja hulegea na mtoto hupata pa kujikaza. Miguu ikining'inia hana nguvu. Ndiyo ile ile miguu ya mama.

Nikapanda matatu hadi Thika, uzi mfukoni. Katika soko la Madaraka nilimkuta mama muuza plastiki ambaye mali yake imepangwa hadi njiani. Alinipa kwanza poti iliyofanywa kama motokaa, ina usukani na hupiga muziki. "Mzee, hii ndiyo wanaipenda." Nikaiweka chini nikaipima kwa uzi: ndefu. Tena ina viungio na mianya chungu nzima, na mahali pa kuingia mkojo pasipoingia kidole cha kusafisha. Masheikh walitufunza kwamba mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajala ila maziwa hunyunyiziwa maji tu. Huyu wetu anakula ugali na maharage. Nikairudisha.

Ya pili ilikuwa kikalio cha kuweka juu ya choo cha kukaa. Ni kitu kizuri kwa mwenye choo hicho, naye atahitaji kibao cha miguu. Ya tatu ilikuwa nzuri kwa macho, lakini nilipoibonyeza kwa kiganja upande mmoja ikabiduka. Mtoto akianguka na poti yake mara moja, hutamkalisha tena mwezi mzima.

Niliyoinunua ni ya buluu, kipande kimoja kisicho kiungo, laini kama sahani, chini pana kuliko juu, na mbele ina kibeti kifupi cha kuzuia mkojo wa mtoto wa kiume. Kibeti kikiwa kirefu humkwaruza akikaa. Uzi ulikubali. Nikatoa shilingi mia mbili, pamoja na kikopo cha kumtawazia.

Nyumbani tuliiweka pembeni mwa chumba, pale pale nyuma ya pazia alipozoea kujificha. Kibla cha Ruiru ni kaskazini, kwa hiyo tukaielekeza mlangoni, mashariki. Mtoto hana dhambi, najua, lakini mazoea huanza mapema. Siku ya kwanza aliivaa kichwani. Siku ya pili alimkalisha juu yake mwanasesere. Hatukumwambia neno. Kila baada ya chakula nilikuwa nakaa kwenye kigoda karibu na poti nikimsimulia habari za Abunuwasi, naye hukaa juu yake na nguo zake, akasikiliza, akaondoka.

Siku ya tano, nimetoka kusali alfajiri, nikasikia "Babu!" nyuma ya pazia. Nikaenda. Akanishika vidole viwili, akanikazia macho, nami nikajikuta, mwanamume na ndevu zangu, nikimlilia "shuu" kama marehemu mamangu. Alilia kidogo. Kisha akanyamaza, akainuka, akachungulia.

Mamake aliyapeleka chooni yote, akaisuuza poti kwa maji na sabuni, na mikono yao wote wawili. Wapo majirani waliocheka, wakasema uchafu wa mtoto hauna neno, mwaga tu mferejini. Muuguzi alisema kinyume: una vijidudu vya kuharisha kama wa mtu mzima, pengine zaidi.

Kesho yake tulikwenda kwa mlezi, mwanangu na mimi. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Nilipoingia nikamkuta na watoto tisa, mmoja mgongoni, mmoja analia, na uji unafurika jikoni. Mwanangu akamwambia taratibu habari ya zile kofi na siku nne zilizofuata. Yule mama akaketi. Akasema hakujua kwamba kofi lafika tumboni. Akauliza ile poti imenunuliwa wapi.

Nikarudi Thika kutwaa mbili zaidi. Muuza plastiki akaniuliza, "Mzee, kwani umezaa mapacha?"