Je, Wajua? Fedha ya Shimoni na Fedha ya Mfukoni

Tuseme uko Karatina siku ya soko, na mtu anakufungulia karatasi iliyokunjwa. Ndani mna jiwe zito la kijivu, linametameta. Anakwambia limetoka kwenye mgodi wa fedha wa zamani, Wazungu waliuacha haujaisha, na hisa zimebaki chache. Kabla hujashika simu kutuma pesa, pitia haya.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina neno moja kwa madini hayo na kwa pesa? "Fedha" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya madini yale meupe. Wakati sarafu zilikuwa za fedha kweli, neno moja lilitosha. Leo tapeli hujipenyeza katikati ya maana hizo mbili: hukuonyesha ya kwanza ili umpe ya pili.

Je, wajua kwamba huenda kuna fedha ndani ya sanduku la nyanya yako? Shilingi ya Afrika Mashariki ya kati ya 1921 na 1946, yenye simba na milima nyuma yake, ilikuwa robo fedha. Ina uzito wa gramu 7.78, na fedha humo ni gramu 1.94. Sarafu 16 zinakupa wakia moja ya sonara, yaani gramu 31.1. Zile zilizotolewa kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu.

Lakini ili uipate wakia hiyo lazima uyeyushe sarafu, uitenganishe fedha na shaba, ulipe moto, tindikali na fundi. Ukimaliza, huenda ukakuta ungepata zaidi kwa kumuuzia mkusanyaji wa sarafu. Mgodi wa zamani nao ni hivyohivyo. Fedha kuwemo ni jambo moja. Kuitoa ukabaki na faida ni jambo jingine.

Je, wajua kwamba Nyeri, kaunti iliyomo Karatina, haijulikani kwa mgodi wa fedha hata mmoja? Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, na miamba yake inajulikana zaidi kwa mawe ya kujengea na kokoto. Hata hivyo imetoa jina la kimataifa: mwanajiolojia J. W. Gregory, aliyeupanda mlima huo mwaka 1893, aliupa mwamba mmoja jina la kenaiti. Mwamba wa aina hiyo unapatikana pia kwenye Mlima Erebus, kule Antaktika kwenye barafu.

Je, wajua kwamba madini yaliyofanyiwa kazi huku kwa karne nyingi ni chuma? Gatung'ang'a, Mathira, kuna makao ya Enzi ya Chuma ambayo mwanaakiolojia Ari Siiriäinen aliyaandikia ripoti mwaka 1971. Na mwaka 1910 William na Katherine Routledge walichapisha kitabu kuhusu Wakikuyu kinachoeleza jinsi mchanga wenye chuma ulivyooshwa na kuyeyushwa. Wahunzi wale walikuwa na hesabu yao: mchanga hafifu haukustahili makaa.

Je, wajua fedha ya Kenya ilitoka wapi? Macalder, Nyatike, katika kaunti ya Migori, mgodi uliofungwa 1966, ulitoa shaba na dhahabu, na fedha ikaja nazo. Kinangoni, Kilifi, fedha imejificha ndani ya risasi. Hiyo ndiyo tabia yake: zaidi ya thuluthi mbili ya fedha inayochimbwa duniani hupatikana migodini mwa risasi, zinki, shaba au dhahabu. Kwa hiyo anayekuuzia "mgodi wa fedha" muulize kwanza bei ya risasi.

Je, wajua kwamba jiwe lile la kijivu linalometa huenda ni galena, yaani risasi na salfa? Galena safi ni asilimia 86.6 risasi. Fedha inaweza kuwemo, lakini kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kumeta hakusemi lolote kuhusu gramu.

Je, wajua kwamba reli ilijengwa kuufuata mgodi wa namna hii? Mpanda, magharibi mwa Tanzania, mbale ya risasi ilikuwa na fedha, shaba na dhahabu ndani yake. Tawi la reli la kilomita 210 hivi kutoka Kaliua lilifika huko mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi huo. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli bado ipo, na ilikuja kuwafaa wasafiri na wakulima kuliko ilivyowafaa wenye mgodi.

Je, wajua kwamba "mbale" ni neno la mfanyabiashara kabla ya kuwa la mwanajiolojia? Mwamba huitwa mbale pale tu unapoweza kuchimbwa kwa faida. Bei ikipanda, mwamba uliotupwa jana leo ni mbale. Ikishuka, mbale inarudi kuwa mawe. Januari 1980 wakia ya fedha ilikaribia dola 50. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa chini ya dola 11. Mwamba wenyewe haukubadilika hata chembe.

Je, wajua kwamba mkulima wa kahawa wa Tetu au Othaya tayari anaielewa hesabu ya mgodi? Hupeleka kiwandani kilo 6 au 7 za matunda mabivu ili ipatikane kilo 1 ya kahawa safi. Kisha kuna makato ya kiwanda, ya kukoboa, ya usafirishaji. Hajisifu kwa kilo alizochuma; anangoja malipo. Mgodini pia tani za mwamba ni matunda tu.

Je, wajua fedha hupimwaje ndani ya jiwe? Fundi husaga sampuli mpaka iwe laini kama unga, hupima gramu 30 hivi, huchanganya na oksidi ya risasi, soda na boraksi, kisha huitia kwenye tanuri la nyuzi 1,000. Takataka huelea juu kama kioo kilichoyeyuka. Risasi huzama chini ikibeba fedha na dhahabu. Kitonge hicho huwekwa kwenye kikombe cha majivu ya mifupa na kurudishwa motoni, na kikombe huinywa risasi yote. Kinachobaki ni kishanga kama kichwa cha pini. Hupimwa, huchovywa katika tindikali ya nitriki inayoyeyusha fedha na kuiacha dhahabu, kisha hupimwa tena. Tofauti ya uzito ndiyo fedha.

Je, wajua kwamba jiwe moja zuri si ushahidi? Mwenye kuuza huokota lililo bora. Tathmini ya kweli huchoronga mwamba na kutoa vipande virefu vya mviringo, aghalabu vyenye kipenyo cha milimita 63.5 au 47.6, shimo baada ya shimo kwa nafasi zilizopangwa. Nusu ya kila kipande hupelekwa maabara. Nusu nyingine hutunzwa, ili mwenye shaka aje apime mwenyewe.

Na wajua kwa nini kutunza nusu ni muhimu? Kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilitangaza dhahabu ya ajabu huko Busang, Indonesia. Mwaka 1997 ilibainika kwamba sampuli zilitiwa chembe za dhahabu kutoka nje. Vipande vilikuwa vimesagwa karibu vyote, hakukuwa na nusu ya kurudia. Hisa zikawa karatasi.

Je, wajua kwamba "rasilimali" na "akiba" si kitu kimoja katika lugha ya migodi? Rasilimali ni madini yanayokadiriwa kuwepo. Akiba ni ile sehemu iliyothibitishwa kwamba inaweza kutolewa kwa faida, gharama zote zikiwa zimehesabiwa. Australia iliandika kanuni zake za kutofautisha hayo mwaka 1989, na masoko mengi ya hisa yakafuata njia hiyo. Mwuzaji akitaja "madini yaliyobaki", muulize anasema lipi.

Je, wajua hesabu yenyewe inavyokwenda? Tuchukue mfano wetu. Mgodi umebakiwa na tani 500,000 za mwamba, kila tani ina gramu 150 za fedha. Hizo ni tani 75 za fedha, na tapeli huishia hapo. Mtambo ukikamata asilimia 80, zinabaki tani 60. Mwenye kiwanda cha kuyeyushia akikulipia asilimia 95 ya hizo, ni tani 57, sawa na wakia milioni 1.83 hivi. Kwa dola 25 kwa wakia, unapata dola milioni 45.8. Kama kuchimba na kusaga tani moja ni dola 100, umetumia milioni 50. Umepata hasara ya zaidi ya milioni 4. Bei ikifika dola 30 kwa wakia, unapata faida ya karibu milioni 5, kabla ya kodi, mrabaha na gharama ya kufufua mgodi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, wajua kwamba faida ya mwaka wa kumi si faida ya leo? Mwanachama yeyote wa sacco analijua hili. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, shilingi 100 utakazopata baada ya miaka 10 zina thamani ya shilingi 32 leo.

Je, wajua kwamba waliotangulia huchukua kilicho bora? Mashimo ya zamani hujaa maji, na pampu hunywa dizeli kabla gramu ya kwanza haijatoka. Mbale nono iliyobaki mara nyingi ni nguzo zilizoachwa kushikilia dari. Ukiichukua, dari inakufuata.

Je, wajua kwamba wakati mwingine mali haiko shimoni bali kwenye lundo la nje? Wachimbaji wadogo wa Tanzania huyaita mabaki hayo marudio. Kilembe, Uganda, shaba ilichimbwa kuanzia 1956, na mabaki yake yakaachwa Kasese. Kuanzia 1999 kiwanda kilitumia bakteria kuyavunjavunja na kupata kobalti. Laurion, Ugiriki, mabaki ya mitambo ya fedha ya Waathene wa kale yaliyeyushwa upya katika miaka ya 1860, baada ya zaidi ya miaka 2,000.

Lakini wajua kilichofuata Laurion? Mwaka 1873 hisa za kampuni ya malundo hayo ziliuzwa Athens kwa uvumi wa utajiri mkubwa, kisha zikaporomoka, na wengi waliotoa akiba zao wakafilisika. Malundo yalikuwa na madini kweli. Bei ya hisa ndiyo haikuwa na msingi.

Je, wajua kwamba hata serikali hubishania kilichomo? Machi 2017 Tanzania ilizuia usafirishaji nje wa makinikia, yaani mchanga wa madini uliochujwa, yenye shaba, dhahabu na fedha, na makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam. Mzozo wenyewe ulikuwa juu ya kiasi cha madini ndani yake. Mzozo ulipotatuliwa ilizaliwa kampuni ya ubia iitwayo Twiga, serikali ikiwa na asilimia 16.

Je, wajua kwamba kuwa na hatimiliki ya shamba si kumiliki madini yaliyo chini yake? Katiba ya Kenya, kifungu cha 62, inayahesabu madini kuwa ardhi ya umma. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali. Anayekuuzia mgodi bila leseni anakuuzia mali isiyo yake.

Na mwisho, wajua kwamba wanajiolojia wa Kenya husajiliwa kisheria tangu 1993? Mwenye jiwe la Karatina muulize mambo matano: leseni iko wapi, mwanajiolojia gani aliyesajiliwa ametia sahihi, mashimo mangapi yamechorongwa, gharama kwa tani ni ngapi, na nani atalipia kufukia mashimo kazi ikiisha. Akisitasita kwenye hata moja, mrudishie jiwe lake na ukanunue viazi.