Makao Mapya Angani: Je, Mchezaji Aweza Kuyajenga Kweli?

Katika milima ya Gashoho, huko Muyinga, kijana anayetaka kuoa huonyeshwa na baba yake sehemu ya shamba. Hapo husimamisha boma lake, ambalo Warundi huliita rugo, akapanda migomba kando yake. Lakini watoto ni wengi na ardhi haiongezeki, na kila mwaka wako vijana wanaojiuliza ni wapi watakapoanza maisha yao. Swali hilo la kale sasa limeingia hata katika michezo ya kompyuta. Wako vijana duniani wanaojaribu kujenga makao mapya mahali pasipo udongo wala mvua, yaani kati ya nyota.

Mchezo unaojulikana sana kwa jambo hili ni Elite Dangerous, uliotolewa mwezi wa Desemba 2014 na kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza. Ndani yake mna nyota zipatazo bilioni 400, na kila mchezaji ni rubani wa chombo chake. Kwa zaidi ya miaka kumi wachezaji walisafiri, walifanya biashara na kupigana, ila hawakuweza kuanzisha makao yao wenyewe. Ruhusa hiyo ilitolewa tarehe 26 Februari 2025.

Kanuni zake si ngumu kueleweka. Mchezaji hulipa fedha za mchezo, kisha huchagua nyota isiyo na watu. Nyota hiyo sharti iwe karibu na nyingine iliyokwisha kukaliwa. Hapo mwanzo umbali haukuruhusiwa kuzidi miaka ya nuru 10. Baada ya hapo hupewa majuma manne tu kuleta vifaa vyote vya bandari ya kwanza: chuma, alumini, titani, maji, chakula na kadhalika. Muda ukipita kabla kazi haijatimia, hupoteza haki ya mahali hapo. Wachezaji wengine wanaruhusiwa kumsaidia kubeba.

Je, kazi hiyo yawezekana? Hesabu ndiyo itoayo jibu. Chukua mfano wa bandari itakayohitaji mzigo wa tani 20,000, na chombo kibebacho tani 500. Hizo ni safari 40. Kila safari ikichukua nusu saa kwenda na kurudi, ni saa 20 za kazi. Mtu mmoja mwenye ajira yake aweza kuzimaliza katika majuma manne, akijinyima mapumziko. Lakini bandari ikiwa kubwa mara nne, saa huwa 80, na mtu huyo atashindwa asipopata wenzake. Hivyo yafaa ieleweke kwamba kinachoamua ni mizigo kuliko ushujaa wa rubani. Umoja ni nguvu, na vikundi vya wachezaji wagawanao kazi vimefaulu kuunganisha nyota moja na nyingine kama mnyororo, hata kufika mbali sana.

Askari aliyewahi kutumwa mbali analifahamu jambo hili bila kusimuliwa. Wanajeshi wa Burundi walipoanza kwenda Somalia mwezi wa Desemba 2007, kila kambi ilitegemea maji, mafuta na chakula kutoka nje yake. Njia ikifungwa, kambi huteseka hata kama kuta zake ni imara.

Hata hivyo, mchezo una upungufu mmoja mkubwa. Bandari ikikamilika, wakazi huletwa na kompyuta. Hawaugui, hawazai, hawadai shule, wala hawatamani kurudi kwao. Anayetaka kujua kama makao mapya yaweza kudumu hana budi kuwatazama watu wa kweli, na mfano wake hauko mbali na Muyinga.

Mwaka 1972, kwa sababu ya mauaji yaliyotokea Burundi, maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania. Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la misaada la Kilutheri waliwapa ardhi ya msituni magharibi mwa nchi. Hivyo yalianzishwa makazi ya Ulyankulu katika mkoa wa Tabora, na Katumba na Mishamo katika mkoa uitwao leo Katavi. Wakimbizi wenyewe walikata miti, wakajenga nyumba na kulima. Huko Mishamo kila jamaa ilipimiwa hekta tano. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lilipokelewa, na baada ya miaka michache mashamba yalilisha wenyewe na masoko ya jirani.

Lakini Ulyankulu ilitoa somo chungu. Watu walizidi kiasi ambacho maji na udongo wa mahali pale vingeweza kuwatunza, na wengi walilazimika kuhamia Mishamo na kuanza tena kukata msitu. Nyumba zilikuwapo na mikono ilikuwapo, ila hesabu ya maji haikutosha.

Somo la pili lilihusu haki ya kukaa. Misaada ilikwisha kupungua na makazi yakakabidhiwa kwa serikali, Mishamo ikiwa ya mwisho mwaka 1985. Hata hivyo watu waliendelea kuwa wakimbizi, na watoto waliozaliwa pale walirithi hali hiyo. Mwaka 2007 uliwekwa mpango wa kuwaachia wachague wenyewe. Zaidi ya 50,000 walirudi Burundi, na wapatao 162,000 walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Kwa wengi, kibanda kilijengwa kwa majuma machache, lakini haki ya kupaita nyumbani ilichukua miaka zaidi ya 40.

Kwa hiyo, mzazi amwonaye mwanawe akijenga mji wa nyota asimkemee kwa haraka. Mchezo huo wafundisha hesabu, kupanga safari na kushirikiana. Afadhali amwulize maswali matatu: Maji yatoka wapi? Nani atabaki mizigo ikiisha kupakuliwa? Na mtoto atakayezaliwa hapo, patakuwa pake kwa haki gani?

Maswali hayo yawafaa pia jamaa za askari na polisi, ambao barua moja ya uhamisho huwatoa Gitega na kuwapeleka Muyinga. Mama mwenye busara, akifika kituo kipya, huuliza kwanza kisima kilipo na shule iliko, na kuwajua majirani kabla ya kupanga viti. Vyombo vinaweza kungoja kesho.