Vibanda Viwili, Ngazi Tatu: Ufafanuzi wa Njia ya Ukingo wa Mlima Meru kwa Mpandaji Atokaye Shinyanga na Geita

Ikisiri

Makala haya yanafafanua njia ya miguu inayopita ukingoni mwa kasoko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, kwa kuzingatia mpandaji anayetoka katika nyanda za Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Hoja kuu ni kwamba mpangilio wa vibanda vya kulala umegawanya mlima katika ngazi tatu zinazokaribiana kwa kimo, na kwamba ulinganifu huo unaufaa mguu kuliko pafu. Makala yanaonesha kuwa siku ya nne inayoongezwa katika ratiba iliyozoeleka huwekwa wakati wa kushuka, ilhali hatari kubwa ya maradhi ya mwinuko hujitokeza wakati wa kupanda. Kwa hiyo, inapendekezwa kuwa siku hiyo itumike kabla ya kilele.

1.0 Utangulizi

Mikoa ya Shinyanga na Geita ipo katika uwanda wa juu wa kusini mwa Ziwa Viktoria. Uso wa ziwa lenyewe upo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya makazi ya mikoa hiyo haipandi sana kupita kimo hicho. Vilima vya mawe vya Usukumani na vilima vya Geita ni alama muhimu za nchi, lakini mtu huvipanda na kushuka kabla jua halijawa kali. Hakuna kati ya vilima hivyo kinachomlazimu mpandaji kulala njiani, wala kinachobadilisha upumuaji wake kwa namna anayoweza kuitambua.

Mkazi wa mikoa hii anayetaka kupanda mlima mrefu hana budi kusafiri kuelekea mashariki. Barabara ya kutoka Shinyanga kwenda Arusha kupitia Nzega, Singida na Babati hupita kando ya Mlima Hanang, wenye kimo cha takriban mita 3,420. Hanang kwa kawaida hupandwa na kushukwa kwa siku moja. Mlima huo humfundisha mpandaji uvumilivu wa magoti, lakini haumfundishi kulala mahali penye hewa nyepesi. Somo hilo la pili hupatikana Meru, mlima wa pili kwa urefu nchini Tanzania baada ya Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 4,562.

Suala la nani anayepanda lina uzito wake. Shinyanga na Geita ni mikoa ya wachimbaji. Wapo walioajiriwa katika migodi mikubwa, na wapo wachimbaji wadogo wanaoshuka katika mashimo wanayoyaita maduara. Watu hawa wamezoea kazi nzito, giza na hatari, na ni rahisi kudhani kuwa mazoea hayo yanatosha mlimani. Sehemu ya nne ya makala haya inaeleza kwa nini dhana hiyo ni ya kupotosha.

2.0 Njia na Vibanda Vyake

Mlima Meru ni volkano. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, ukaacha kasoko yenye umbo la kwato ya farasi iliyofunguka upande wa mashariki. Kifusi cha mporomoko huo ndicho kilichofanya ardhi ya mawimbi ambamo leo yamo maziwa ya Momella. Ndani ya kasoko kumeinuka koni ya majivu, na mlipuko wa mwisho unaojulikana ulitokea mwaka 1910. Ukuta uliobaki ndio ukingo ambao njia huufuata, na kimo chake kutoka sakafu ya kasoko ni zaidi ya kilometa moja. Mlima huu umo katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Hifadhi ya Kasoko ya Ngurdoto na kupewa jina la sasa mwaka 1967, baada ya Meru kujumuishwa.

Safari huanzia lango la Momella, kwenye kimo cha takriban mita 1,500. Siku ya kwanza mpandaji hupita katika mbuga na msitu wenye nyati, twiga na tembo, ndiyo maana kila kundi husindikizwa na askari wa hifadhi mwenye silaha. Usiku hulala katika kibanda cha Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili njia huingia katika msitu wa mierezi na miti iliyofunikwa na ndevu za kuvu, ikapita mahali paitwapo Mgongo wa Tembo, kisha ikafika kibanda cha Saddle, mita 3,570. Kibanda hiki kipo kwenye mbonyeo kati ya mlima mkuu na kilele kidogo kiitwacho Meru Ndogo, chenye kimo cha mita 3,820.

Siku ya tatu huanza usiku, yapata saa saba au saa nane. Mpandaji huinuka hadi Rhino Point, kwenye takriban mita 3,800, na hapo ndipo ukingo wenyewe unapoanza. Kutoka hapo njia hushuka kidogo, kisha hupanda kwa muda mrefu juu ya majivu na miamba. Kushoto ni ukuta wa kasoko na kulia ni mteremko wa nje wa mlima. Kilele huitwa Socialist Peak, na aghalabu hufikiwa karibu na mapambazuko, wakati Kilimanjaro inapoonekana mashariki juu ya mawingu.

Kuondoka usiku kuna sababu tatu. Kwanza, majivu yaliyoshikwa na baridi huwa magumu na hayamrudishi mtu nyuma kama yanavyofanya yakikauka. Pili, mawingu mara nyingi hukusanyika kadiri mchana unavyosogea, na ukungu ukingoni huficha upande wenye genge. Tatu, mpandaji anahitaji saa nyingi za mwanga kwa ajili ya kurudi. Hata hivyo, baridi hiyohiyo inayoshika majivu huweza kuufanya mwamba uliolowa kuwa na utando wa barafu, hasa karibu na Rhino Point. Isitoshe, mteremko mfupi uliofurahiwa wakati wa kwenda huwa kipandio wakati wa kurudi, miguu ikiwa tayari imechoka.

3.0 Ulinganifu wa Ngazi na Athari Zake

Vimo vilivyotajwa hapo juu vinafichua jambo ambalo ratiba za safari hazilisemi wazi. Kutoka Momella hadi Miriakamba ni mita 1,014. Kutoka Miriakamba hadi Saddle ni mita 1,056. Kutoka Saddle hadi kilele ni mita 992. Mlima umegawanywa katika ngazi tatu za takriban mita 1,000 kila moja, na kila ngazi inatosha kazi ya siku moja ya miguu.

Hata hivyo, mwili hauhesabu ngazi kama miguu inavyohesabu. Kadiri mtu anavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua. Kwa kipimo cha kawaida cha angahewa, kanieneo katika kimo cha Shinyanga ni takriban asilimia 87 ya ile ya usawa wa bahari. Miriakamba ni asilimia 74, Saddle asilimia 64, na kileleni takriban asilimia 57. Mwili hujirekebisha kwa kupumua haraka zaidi na kwa mabadiliko mengine ya polepole, lakini marekebisho hayo yanahitaji siku kadhaa, na hutegemea zaidi mahali mtu anapolala kuliko mahali anapopita.

Kwa sababu hiyo, miongozo ya tiba ya milimani hupendekeza kuwa, mtu akishavuka mita 3,000, asiongeze kimo cha kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Mpandaji wa Meru anayetoka Miriakamba kwenda Saddle huongeza kimo cha kulala kwa zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, na hakuna kibanda cha kati kinachoweza kumpokea. Kisha, kabla usiku huo haujaisha, huamshwa ili apande mita nyingine 992.

Ratiba mbili ndizo zilizozoeleka: ya siku tatu na ya siku nne. Msomaji anaweza kudhani kuwa ya siku nne ni salama zaidi dhidi ya maradhi ya mwinuko kwa sababu ni ndefu. Ukweli ni kwamba ratiba zote mbili zinafanana kabisa hadi kileleni. Tofauti hujitokeza baadaye: katika ratiba ya siku tatu mpandaji hushuka kutoka kileleni hadi Momella siku hiyohiyo, mteremko wa zaidi ya mita 3,000. Katika ratiba ya siku nne hulala tena Miriakamba. Siku iliyoongezwa huokoa magoti na hupunguza ajali za uchovu, jambo ambalo si dogo, lakini haiupi mwili hata saa moja ya ziada ya kuzoea hewa nyepesi.

Ulinganisho na njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro unasaidia kuliona jambo hili. Vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo vipo kwenye takriban mita 2,720, 3,720 na 4,700, yaani navyo vimetenganishwa kwa ngazi za mita 1,000 hivi. Lakini huko mpandaji anayenunua siku ya ziada huitumia Horombo, akiwa anapanda. Hutembea juu kidogo mchana na kurudi kulala palepale. Kwa maneno mengine, Kilimanjaro siku ya ziada hupewa pafu. Meru hupewa goti.

4.0 Mchimbaji Mlimani

Mchimbaji mdogo anaifahamu hatari ya hewa kuliko watu wengi. Ndani ya duara refu hewa huweza kuchafuka kwa gesi zinazochukua nafasi ya oksijeni, na mtu akaanguka bila onyo. Mlimani hali ni tofauti. Uwiano wa oksijeni katika hewa haubadiliki. Hubaki karibu asilimia 21 kuanzia Momella hadi kileleni. Kinachopungua ni kanieneo, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Kwa hiyo hakuna pembe ya mlima yenye hewa nzuri ambayo mtu anaweza kusogea akaipata. Wa duara huokolewa kwa kuvutwa juu. Wa mlimani huokolewa kwa kuteremshwa.

Tofauti ya pili inahusu nguvu. Maradhi ya mwinuko hayachagui dhaifu. Mtu mwenye misuli imara huweza kuugua zaidi kwa sababu tu nguvu zake humruhusu kupanda haraka na kupuuza dalili za mwanzo, ambazo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi wa mang'amung'amu. Katika machimbo, kuendelea na kazi huku kichwa kikiuma huhesabiwa kuwa ushupavu. Ukingoni mwa Meru mazoea hayo yanaweza kuua.

Tofauti ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Vumbi la mawe yenye silika, linalotokana na kuchoronga miamba na kusaga mawe kwenye makarasha, huacha makovu katika mapafu, na huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu. Mtu mwenye makovu hayo anaweza kuishi Geita kwa miaka bila kuona upungufu mkubwa, kwa kuwa kwenye kimo hicho mapafu yake bado yana akiba. Kwenye mita 3,570 akiba hiyo hutumika yote mtu akiwa amelala. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi ya vumbi kwa muda mrefu anapaswa kupimwa mapafu kabla ya safari.

5.0 Uamuzi Ukingoni

Dalili mbili hazivumiliki. Ya kwanza ni kuyumba: mtu asiyeweza kutembea katika mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole, anahofiwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Ya pili ni kukosa pumzi hata baada ya kupumzika, pamoja na kikohozi, ishara ya maji kujaa mapafuni. Katika hali zote mbili tiba ya kwanza ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku.

Hapa ndipo umbo la njia linapoleta ugumu. Ukingo ni mwembamba, na wapagazi kwa kawaida hubaki Saddle. Mtu mmoja akishindwa kuendelea, lazima awepo wa kurudi naye. Kundi lenye kiongozi mmoja haliwezi kugawanyika kwa usalama. Ni busara basi kukubaliana kibandani, kabla ya kuondoka, nani atarudi na nani, na saa ngapi kundi zima litageuka hata kama kilele kinaonekana. Uamuzi uliofanywa Saddle hufanywa na watu wenye akili timamu; unaoahirishwa hadi mita 4,300 hufanywa na watu ambao ubongo wao umepungukiwa na oksijeni.

6.0 Hitimisho

Makala yamebainisha kuwa vibanda vya Meru vimetenganishwa kwa umbali wa siku moja ya miguu, na kwamba umbali huo unapita kiasi ambacho mwili hushauriwa kuongeza kwa usiku mmoja. Kwa mpandaji atokaye Shinyanga au Geita, mapendekezo matatu yanafuata. Usiku wa ziada utumike Saddle kabla ya kilele, siku yake ikitumika kupanda Meru Ndogo na kurudi, kwa kanuni ya kupanda juu na kulala chini. Asiyeweza kuongeza usiku huo apande Meru Ndogo alasiri ileile anapofika Saddle, iwapo hana dalili. Na aliyeishi na vumbi la mawe apimwe kwanza. Ratiba ikipangwa hivyo, kilele kinabaki palepale kwenye mita 4,562, lakini mpandaji hukifikia akiwa bado na uwezo wa kuamua kurudi.