Mpapai Unaonyauka Penye Maji: Jihadhari na Minyoo Fundo

Mkulima wa Madale, ukiona mipapai yako inanyauka mchana ingawa uliinywesha asubuhi, majani yamegeuka manjano na matunda yamedumaa, usikimbilie kuongeza maji wala kununua dawa. Kwanza fukua kidogo kando ya shina, uitazame mizizi. Ikiwa imevimba mafundo mafundo, adui yako ni minyoo fundo.

Minyoo hawa hukaa ardhini, nao ni wadogo hata macho hayawaoni. Huingia ndani ya mzizi na kuufanya uvimbe, na mti hushindwa kunywa maji sawasawa. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na udongo ukiwa na joto kizazi kipya hutokea baada ya mwezi mmoja hivi. Udongo wa kichanga, ulio mwingi pwani yetu, huwafaa sana.

Maji. Maji hayaui minyoo hawa, ila humsaidia mgonjwa. Mnyweshe kidogo kidogo, mara nyingi, na weka samadi iliyooza vizuri. Usiache maji yatiririke kutoka mti mgonjwa kwenda mti mzima, kwa kuwa hubeba minyoo. Jembe nalo lioshwe.

Dawa. Dawa za minyoo ni sumu kali, wala haziondoi mafundo yaliyokwisha kuota. Dawa iitwayo DBCP ilisifiwa sana zamani, lakini mwaka 1977 huko Marekani iligunduliwa kuwa wanaume walioitengeneza kiwandani wamekuwa tasa. Tena katika mchanga sumu huweza kuzama hadi kwenye maji ya kisima. Kwa hiyo usitumie dawa isiyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), wala isiyoandikwa kuwa ni ya mipapai. Fuata kipimo na siku za kungoja kabla ya kuchuma.

Kinga. Hii ndiyo njia iliyo bora:

1. Udongo wa kitalu umwagie maji yanayochemka, uache upoe, ndipo upande mbegu.
2. Katika jua la Januari na Februari, lima na kugeuza udongo mara kwa mara ili minyoo wakauke.
3. Usichanganye mipapai na nyanya, bamia wala biringanya, kwa maana minyoo huzipenda. Panda karanga.
4. Mche wenye fundo hata moja uchome moto.

Ukiwa na shaka, tia mizizi na udongo wake katika mfuko, umpelekee Afisa Ugani wa kata yako kabla hujatoa fedha dukani.