Kupunguza mafuta mwilini: Si lazima kukimbia, mtungi wa maji unatosha kuanza

Kila alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya Bahari Hindi, wakazi wa Mombasa huonekana wakikimbia na kutembea kwa kasi pale Mama Ngina na kwenye fuo za Nyali na Bamburi. Wengi wana lengo moja: kupunguza tumbo. Wapo wanaofaulu. Wapo pia wanaokata tamaa baada ya miezi miwili au mitatu, magoti yakiuma na mizani ikikataa kusonga.

Kwa wakazi hao, na kwa wale wasio na nafasi, muda au usalama wa kukimbia barabarani, ipo njia nyingine isiyozungumzwa sana: mazoezi ya nguvu, yaani kusukuma, kuvuta na kuinua uzito, yakiambatana na mabadiliko kwenye sahani ya chakula. Makala haya yanaeleza jinsi njia hiyo inavyofanya kazi, mipaka yake, na namna ya kuianza nyumbani bila kulipia jimu.

Tatizo si la wachache

Utafiti wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa mwaka 2015 ulibaini kuwa asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume asilimia 17.5.

Mafuta yanayotia wasiwasi zaidi ni yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na viungo vingine. Haya huhusishwa na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa hatari huanza kupanda mzingo wa kiuno unapopita sentimita 80 kwa mwanamke na sentimita 94 kwa mwanamume. Ndiyo maana futi ya fundi cherehani wakati mwingine husema ukweli ambao mizani haiwezi kuusema.

Kupungua uzito si sawa na kupungua mafuta

Mizani hupima kila kitu kwa pamoja: mafuta, misuli, mifupa, maji na chakula kilicho tumboni. Mtu anayejinyima chakula bila kufanya mazoezi ya nguvu hupoteza mafuta, lakini hupoteza misuli pia. Nguo zinalegea, na pamoja nazo nguvu za kupanda ngazi, kubeba mtoto au kuinuka kutoka mkekani.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa waliovuka umri wa miaka 40, kwa kuwa mwili huanza kupoteza misuli polepole tangu miaka ya thelathini. Aliyepoteza misuli kisha uzito ukamrudia, mara nyingi hurudishiwa mafuta zaidi kuliko misuli. Mizani inaweza kusoma kilo zilezile za mwanzo, ilhali mwili umekuwa dhaifu kuliko awali.

Mazoezi ya nguvu huupa mwili sababu ya kuhifadhi misuli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest uliwafuatilia watu 249 wenye umri wa miaka 60 na zaidi kwa miezi 18. Kundi moja lilipunguza chakula pekee, la pili lilipunguza chakula na kutembea, na la tatu lilipunguza chakula na kuinua uzito. Waliotembea na walioinua uzito walipoteza mafuta kwa kiasi kinachokaribiana. Tofauti ilikuwa kwenye misuli: kwa waliotembea, takriban asilimia 20 ya uzito uliopotea ilikuwa misuli, kwa walioinua uzito, ilikuwa takriban asilimia 10.

Mpaka wa njia hii

Mazoezi ya nguvu peke yake, bila kugusa chakula, hayapunguzi mafuta kwa kasi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa watu walioendelea kula kama kawaida walipoteza mafuta zaidi kwa kukimbia na kutembea kuliko kwa kuinua vyuma. Walioinua vyuma waliongeza misuli.

Pia si kweli kwamba misuli huchoma mafuta mengi mtu akiwa amelala. Kilo moja ya misuli hutumia takriban kalori 13 kwa siku mwili ukiwa umetulia, kiasi kidogo kuliko kijiko kimoja cha chai cha sukari. Kazi kubwa ya mazoezi haya ni kuhakikisha kwamba kinachopotea ni mafuta. Kinachofanya mafuta yapotee ni chakula.

Hesabu iko jikoni

Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Anayepunguza kalori 500 kwa siku chini ya mahitaji yake anaweza kutarajia kupungua karibu nusu kilo kwa wiki.

Chukua mfano wa dereva wa tuktuk anayeketi tangu asubuhi hadi jioni. Soda ya mililita 500 anayokunywa mchana ina takriban kalori 210. Kutembea kwa kasi kwa nusu saa kutamsaidia kutumia kama kalori 150 tu. Kwake ni rahisi zaidi kuiacha soda kuliko kuifukuza kwa miguu. Akipunguza sukari kwenye chai kutoka vijiko vitatu hadi kimoja kwa vikombe vitatu vya siku, ameokoa karibu kalori 100. Na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, kwa hivyo viazi karai, bajia na mihogo ya kukaanga hupandisha hesabu haraka hata kama sahani inaonekana ndogo.

Hakuna haja ya kuacha wali wa nazi wala mahamri kabisa. Panga sahani hivi: nusu iwe mboga kama mchicha, sukuma wiki au kachumbari, robo iwe ugali, wali au chapati, na robo iwe chakula chenye protini.

Protini ndiyo inayojenga na kulinda misuli, na hushibisha kwa muda mrefu. Mtu anayepunguza uzito huku akifanya mazoezi ya nguvu anahitaji kama gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kwa mwenye kilo 70, hizo ni gramu 84. Mayai mawili yana takriban gramu 12, vikombe viwili vya maziwa gramu 16, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15, na kipande cha samaki cha gramu 150 kama gramu 30. Kiasi kinachobaki hutoka kwenye chapati, ugali na mboga. Mbaazi, kunde, pojo na dagaa pia ni protini nzuri, na hupatikana kwa bei nafuu sokoni.

Mazoezi matano ya nyumbani

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hivyo mtungi wa lita 5, 10 au 20 ni chuma cha jimu ambacho kila nyumba inacho, na uzito wake unaweza kuongezwa kidogo kidogo kwa kumimina maji.

1. Kuketi na kusimama. Keti kitini kisha simama bila kushika popote. Ikiwa rahisi, ondoa kiti uchuchumae na kusimama. Baadaye kumbatia mtungi wa lita 5 kifuani.

2. Kujisukuma. Anza kwa kuegemeza mikono ukutani, kisha kwenye meza imara, na mwishowe sakafuni.

3. Kuvuta. Egemea kiti kwa mkono mmoja, inama mgongo ukiwa umenyooka, kisha vuta mtungi kwa mkono wa pili hadi ubavuni.

4. Kuinua kutoka chini. Kunja magoti kidogo, sukuma makalio nyuma, nyoosha mgongo, shika mtungi na usimame nao.

5. Kubeba. Shika mtungi kila mkono, simama wima, na tembea hatua 20 hadi 30.

Kwa mazoezi manne ya kwanza, rudia mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, kisha fanya tena hadi zitimie awamu mbili au tatu. Zoezi la kubeba nalo lirudiwe mara mbili au tatu. Yote huchukua kama dakika 40. Fanya hivyo siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ili misuli ipate muda wa kupumzika na kujijenga. Kwa wanaofunga, baada ya futari ni wakati mwafaka.

Mbona anayebeba maji kila siku hapungui?

Swali hili huulizwa mara nyingi, na lina jibu. Mwili huzoea. Mama anayebeba mtungi wa lita 20 kila siku kwa miaka 10 tayari ana misuli inayotosha kwa mtungi huo, na hakuna kinachoulazimisha mwili wake kuongeza. Zoezi huleta mabadiliko pale uzito unapoongezeka. Mara mbili za mwisho katika kila awamu zinapaswa kuwa ngumu. Ukifika 12 bila taabu katika awamu zote, ongeza maji.

Dhana nyingine ni kwamba mwanamke akiinua uzito atakuwa na umbo la mwanamume. Wanawake wana kiwango cha chini sana cha homoni inayokuza misuli mikubwa, na hata wanaume huhitaji miaka ya mazoezi mazito kufikia umbo hilo. Vilevile, kufanya mazoezi ya tumbo pekee hakuondoi mafuta ya tumbo. Mwili ndio unaoamua mafuta yaanze kutoka wapi.

Kutembea kusiachwe

Mazoezi machache ya moyo na mapafu hayamaanishi kuyaacha kabisa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni sawa na kutembea kwa kasi dakika 30 kwa siku tano. Anayeshuka matatu kituo kimoja kabla ya kufika huwa ameshaanza kuzikusanya.

Tahadhari

Wenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo, kisukari au ngiri, wajawazito, na waliojifungua hivi karibuni, wazungumze kwanza na mhudumu wa afya. Wanaotumia insulini au baadhi ya tembe za kisukari wanaweza kuhitaji kurekebishiwa dozi wanapobadilisha chakula na kuanza mazoezi, la sivyo sukari inaweza kushuka ghafla.

Usizuie pumzi unapoinua uzito, kwani hupandisha shinikizo la damu. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi kupita kiasi, acha mara moja na utafute matibabu.

Wakazi wanaonywa pia dhidi ya tembe, chai na sindano za kupunguza mwili zinazouzwa kiholela. Dawa yoyote inapaswa kuwa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu na kutolewa na mtaalamu.

Pima mabadiliko kwa futi

Pima kiuno mara moja kila wiki mbili, asubuhi kabla ya kula, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kwa kawaida. Andika pia idadi ya mara unazoweza kuketi na kusimama bila kupumzika. Mizani inaweza kukaa palepale kwa wiki kadhaa huku kiuno kikipungua, na hiyo ni dalili kwamba mafuta yanatoka na misuli inabaki.

Kabla ya kuanza, wakazi wanahimizwa kupimwa shinikizo la damu na sukari katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao walianza kupewa mashine za vipimo hivyo mwaka 2023, wanaweza pia kuwapima wakazi nyumbani. Ukishajua hali yako, jaza mtungi nusu na uanze.