Mkikuyu Aliyekuwa Mjaluo: ‘Vitimbi’ Ikitazamwa Upya Kutoka Karatu (Sehemu ya Pili)

WIKI iliyopita niliishia kwenye redio. Nilieleza jinsi sisi wa Karatu, enzi runinga ikiwa bado hadithi ya mjini, tulivyolelewa na “Pwagu na Pwaguzi” wa Radio Tanzania Dar es Salaam, jozi iliyopewa jina kutokana na ile methali ya mwizi anayekutana na mwizi mkubwa kuliko yeye. Leo tunavuka mpaka wa Namanga kwenda kwenye “Vitimbi”, kichekesho cha familia cha runinga ya Kenya kilichotazamwa na wengi wetu bila kukielewa.

Nilikumbushwa kichekesho hiki mwezi uliopita, kwenye kambi moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Nilikuwa mgeni wa kijana niliyemfundisha shule ya msingi, sasa ni dereva wa watalii. Pale juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, baridi ya usiku haina mzaha. Wazungu walikuwa wameshaingia kwenye mahema yao, na wafanyakazi wamejikusanya jikoni: mpishi Mchaga wa Rombo, mlinzi Mmasai wa Nainokanoka, dereva Mmeru, mwenyeji wangu Mwiraqw wa Rhotia, na kijana mhudumu wa Mang’ola ambaye mama yake ni Mdatoga. Simu moja ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la kahawa, na ndani yake Mzee Ojwang’ Hatari alikuwa anagombana na mkewe, Mama Kayai. Kila Ojwang’ alipofungua kinywa, jikoni pote paliangua kicheko.

“Huyu Mjaluo alikuwa fundi, Mwalimu,” alisema mpishi, akijifuta machozi.

“Alikuwa fundi kweli, ila hakuwa Mjaluo,” nikamwambia. “Mkikuyu huyo. Jina lake Benson Wanjau.”

Wakanitazama kama mtu aliyezima taa. “Na mama je?”

“Mary Khavere. Mluhya. Wala hawakuwa mume na mke.”

Mlinzi akatikisa kichwa. “Kwa hiyo, mzee, miaka yote hiyo walikuwa wanatudanganya?”

Niliwaahidi kuwajibu gazetini. Jibu lenyewe ndilo hili.

Tuanze na historia kwa ufupi. Kenya ilipata runinga mwaka 1962, kabla hata ya uhuru wake. Zanzibar ilipata yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi kama ITV na DTV vilipoanza kurusha matangazo. Televisheni ya Taifa ilifuata baadaye, mwaka 1999. Kwa hiyo “Vitimbi” ilipoanza kutamba Kenya katika miaka ya 1980, kwenye kituo kilichoitwa Sauti ya Kenya na ambacho mwaka 1989 kiligeuka kuwa KBC, sisi huku hatukuwa na chetu cha kukilinganisha nacho. Mimi niliiona mara ya kwanza Arusha, kwa jamaa yangu mmoja aliyekuwa ameelekeza antena yake kaskazini. Picha ilijaa chenga kama mvua ya Machi, ila sauti ilifika. Na kwa “Vitimbi”, sauti ilitosha.

Nasema ilitosha kwa sababu kichekesho cha namna hii hakitegemei kisa. Kanuni yake ni nyepesi: watu wale wale, mahali pale pale, kosa lile lile. Baba anabuni hila, anaumbuka, na wiki ijayo amesahau fedheha yake na kuanza upya. Hakuna anayetajirika wala anayekomaa. Muulize mtu aliyeitazama “Vitimbi” miaka kumi akusimulie visa vitatu, atakwama. Mwambie amwige Ojwang’, hatasubiri kuombwa mara mbili.

Angalia pia majina ya wahusika: Ojwang’, Othorongong’o, Makokha, Masaku, Masanduku arap Simiti. Mkenya akisikia orodha hiyo ameshaona ramani ya nchi yake: Ujaluo, Uluhya, Ukamba, na kwa lile neno “arap”, Ukalenjini. Kila jina lilikuja na lafudhi yake, na lafudhi ndiyo iliyokuwa jembe la kazi.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana hili ndilo somo langu. Lafudhi haitokani na uvivu wala ujinga. Kila lugha ina akiba yake ya sauti, na mtu anapojifunza lugha ya pili huilipa kwa sarafu aliyonayo mfukoni. Kijaluo hakina sauti ya “sh”, kwa hiyo shamba huwa “samba” na shilingi huwa “silingi”. Mluhya huzikaza konsonanti, baba akawa “papa”. Mkikuyu, ambaye lugha yake haitenganishi “l” na “r”, huzibadilishana hizo mbili bila kujua.

Sasa mfikirie Wanjau. Angetaka kuchekesha kwa urahisi, angetumia “l” na “r” za nyumbani kwao. Badala yake aliivua lafudhi yake, akavaa ya jirani, na akaivaa vizuri kiasi kwamba Wajaluo wenyewe walimwona ni wao. Mary Khavere alifanya vivyo hivyo. Huwezi kumwiga mtu kwa kiwango hicho kama hujakaa naye, hukumsikiliza, hukumpenda walau kidogo. Dhihaka hushika sauti moja na kuikuza. Ufundi hushika pumzi ya mtu, jinsi anavyosita, jinsi anavyokasirika, jinsi anavyorudi kwa mkewe akiwa ameshindwa.

Ulinganishe na mchezo wa Waingereza ulioitwa “Mind Your Language”, uliorushwa na kituo cha London Weekend Television kuanzia mwaka 1977 hadi 1979, na ambao Wakenya pia waliupenda sana. Huo nao ulijengwa juu ya lafudhi: Mhindi, Mchina, Mtaliano na wenzao wamo darasani jioni wakijifunza Kiingereza, na kila mmoja anakiharibu kwa namna yake. Tulicheka, sikatai. Lakini darasani mle alikuwemo mwalimu, Mwingereza, na Kiingereza kilikuwa mali yake. Wengine wote walipimwa kwa kipimo chake na kuonekana wamepungua. Mwaka 1979 ulisitishwa, wakubwa wa kituo wakiona unadhalilisha wageni.

Nyumbani kwa Ojwang’ hakukuwa na mwalimu huyo. Karibu kila mtu alikuwa na Kiswahili chake, na hakuna aliyekaa kitini kusahihisha wengine. Sisi Watanzania tuliotazama kutoka ng’ambo ya mpaka ndio tuliojipa kazi hiyo, tukisema “Kiswahili gani hiki!” kana kwamba sisi wa Karatu tumezaliwa Mrima, kule pwani.

Ukweli ni kwamba tumezaliwa mahali pa ajabu zaidi. Bonde la Eyasi na miinuko inayolizunguka ni miongoni mwa sehemu chache sana Afrika ambako makundi makubwa ya lugha za bara hili yanakutana sokoni. Kiiraqw ni cha Wakushi. Kidatoga na Kimaa, lugha ya Wamasai, ni vya Waniloti. Wanyisanzu, Wachaga na Wameru ni Wabantu. Wahadzabe wa Eyasi wana lugha yenye sauti za kidoko, ambayo wataalamu wanaiona imesimama peke yake. Nenda mnadani Karatu usimame karibu na ng’ombe nusu saa tu. Utasikia salamu ya “Saita”, utasikia ya “Sopa”, na bei itakubaliwa kwa Kiswahili chenye lafudhi nne.

Kila lafudhi ina sababu yake. Kimaa hakina “f”, “v” wala “z”, ndiyo maana mzee wa Nainokanoka hupata taabu na neno “fedha”. Kiiraqw kina sauti inayoandikwa “sl”, inayotokea ubavuni mwa ulimi, ambayo Watanzania wengi hawaiwezi. Dk. Willibrod Slaa alikuwa mbunge wetu wa Karatu kuanzia mwaka 1995 hadi 2010, akagombea urais, na nchi nzima ikamwita “Silaa” hadi leo. Hapo waliokosea ni wenye Kiswahili fasaha, na hakuna aliyewacheka.

Mlinzi aliniuliza kama tulidanganywa. Wazee wetu wangemjibu kwa neno moja: utani. Wachaga na Wapare ni watani. Wahehe na Wangoni, waliochinjana vitani katika karne ya 19, wakawa watani, na leo Mhehe anaweza kumkejeli Mngoni mbele ya jeneza na asiguswe. Utani una sheria mbili ngumu: unayemcheka ana haki ya kukucheka, na hakuna ruhusa ya kukasirika. “Vitimbi” iliuchukua utani huo na kuupeleka sebuleni.

Huku kwetu tumechelewa. Wadatoga waliishi ndani ya kreta kabla Wamasai hawajawaondoa katika karne hiyo hiyo ya 19, na wazee wao bado wanayaheshimu makaburi yaliyobaki kule chini. Jina “Mang’ati” tunalowaita kwa mazoea, hata shuleni, limetoka kwenye Kimaa na maana yake ni adui. Tunamsalimia jirani kwa tusi la vita ambavyo hatukupigana sisi, tukidhani ni jina lake. Kijana wa Mang’ola alikuwepo pale jikoni nilipolieleza hili. Alicheka, lakini alichelewa kidogo kuliko wengine.

Sitaki kumpamba Ojwang’ kupita kiasi. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, Wakenya zaidi ya 1,000 waliuawa, na Wakikuyu na Wajaluo walikuwa katikati ya moto huo. Miaka zaidi ya ishirini ya kucheka pamoja haikuwazuia. Kichekesho hakina polisi wala mahakama. Tena kilikuwa na kasoro zake: mke mgomvi na mshamba asiyejua mji ni vichekesho vya bei rahisi, na vingine vikitazamwa leo vinachosha. Wasanii nao hawakutajirika. Macho yalipomsumbua Mzee Ojwang’ uzeeni, ilibidi wananchi wachangishwe ili atibiwe.

Hata hivyo, alipofariki tarehe 12 Julai 2015, akiwa na miaka 78, alililiwa kote Kenya. Wengi walimlilia kwa jina la Kijaluo, huku familia ikimzika kwa jina la Kikikuyu. Hiyo ni hesabu ambayo wanasiasa wa nchi ile hawajaiweza.

Tukirudi nyumbani, Tanzania nayo imejaribu. Kundi la Kaole lilitupa familia za kutazama ITV, na Ze Comedy, walioanzia EATV wakahamia TBC kama Orijino Komedi, waliichezea lafudhi kwa ustadi. Lakini huku kaskazini tumebaki bidhaa. Mmasai wa vichekesho vya Dar es Salaam ni mlinzi mwenye rungu asiyejua lifti, na karibu kila mara anaigizwa na mtu ambaye hajawahi kunywa maziwa kwenye boma. Mhadzabe ndiye mwenye hali mbaya kuliko wote: Wahadzabe hawazidi sana watu elfu moja, hawana kipindi, hawana kipaza sauti, kwa hiyo akichekwa hana pa kujibia. Kwa sheria ya watani, huo ni uonevu.

Kwa hiyo natoa ombi, na nalielekeza kwa vijana wa sanaa wa Karatu, na kwa redio za jamii kama Loliondo FM. Andikeni familia moja, jiko moja, kama lile la kambini. Mpeni Mwiraqw nafasi ya Mmasai, Mmasai nafasi ya Mdatoga, Mdatoga nafasi ya Mchaga. Kila mwigizaji akakae kwa jirani anayemwiga hadi jirani mwenyewe aseme sasa umenipata. Na Mhadzabe akiingia, aingie kama mwandishi kwanza, mwigizaji baadaye, ili naye apate zamu ya kutuiga sisi. Ninavyowafahamu, tutachekwa sana.

Wiki ijayo: kibanda umiza, na wale watu waliotutafsiria filamu za kigeni kwa sauti zao.